Jumamosi za Kuseti Tapeti

Juzi hapa Nakuru nilipita kando ya gereji moja, harufu ya oili iliyozeeka ikanishika puani, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Harufu ile ndiyo iliyokuwa Jumamosi zetu kule Gilgil, kabla ya chai, umande ungali kwenye majani na Baba amelala chali nyuma ya gari, miguu tu ikionekana.

Lilikuwa gari dogo la mgongo wa kobe, injini nyuma, lisilojua rejeta wala maji. Upepo ndio uliolipoza. Tapeti zake, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali, zilitaka kusetiwa injini ikiwa baridi kabisa, ndiyo maana tuliamka na jogoo. Baba alipitisha kibamba cha chuma, chembamba kama ukucha, kati ya tapeti na vali, akageuza bisibisi, akakaza nati. "Kikishika kidogo, kama kisu kwenye siagi, imetosha," alizoea kusema. Kisha aliwasha injini na kuniita.

"Nekesa, unasikia nini?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitega sikio, nikamwambia ni upande gani unaogonga. Hakunipinga hata siku moja. Nami nilijiona fundi mkubwa, mwanafunzi wa Baba, aliyekuwa fundi wa mashine za kiwandani.

Jumamosi moja tulikuwa tunaenda Nakuru, kwenye arusi ya mdogo wake Mama. Nilivaa gauni jipya la rangi ya machungwa. Baba aliponiuliza, nilisikia vizuri kabisa: ka-ka-ka, upande wa kulia. Lakini kurekebisha kulimaanisha kungoja injini ipoe tena, na mimi akili yangu yote ilikuwa kwa keki.

"Iko sawa, Baba."

"Haya, twende."

Nilikaa mbele, Mama nyuma na mdogo wangu, bado mtoto mchanga. Tulipopita Kariandusi, ile ka-ka-ka ilikuwa imegeuka kelele ya mtu anayepiga sufuria kwa mwiko. Watu kando ya barabara walitugeukia. Gari likaanza kuishiwa nguvu. Na Baba? Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, taratibu, kidole kikigonga usukani. Nikaamini ananiadhibu: amejua nimedanganya, anangoja nikiri. Nikaanza kulia.

Mama alimshika bega. "Baba Nekesa, simamisha gari."

Alisimama mahali ambapo Ziwa Elmenteita lilionekana chini, jeupe kingoni. Mama akamwinamia, akauliza kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, "Tangu lini?"

Baba alishusha macho. "Tangu mwaka jana. Usimwambie mtu wa kazini."

Nilishangaa watu wa kazini wangejali nini ugonjwa wa injini yetu.

"Ni mimi," nikasema kwa kwikwi. "Nilisikia, nikanyamaza."

Ilibidi nirudie mara mbili. Baba akanifuta machozi kwa mkono wenye oili, akaniharibia gauni. "Nati ni mimi sikuikaza, mami. Usilie." Tukangoja injini ipoe, akaikaza, tukafika arusini keki ikiwa imebaki makombo.

Kuanzia siku hiyo Mama alihamia kiti cha mbele, mimi nikapelekwa nyuma na mtoto. Nilinuna wiki nzima. Kila safari mkono wake ulikaa kwenye goti la Baba, nami nilitazama dirishani kwa haya, nikidhani ni mapenzi tu ya wazazi.

Baba alipokuwa amestaafu, nami nina watoto wangu, ndipo Mama aliponieleza kwamba kelele za mashine zilikuwa zimemla Baba masikio. Lori likipiga honi nyuma, alimfinya goti mara moja. Injini ikibadilisha sauti, mara mbili. Alifanya hivyo mpaka gari lile lilipouzwa, na hakuna aliyewahi kujua, hata sisi tuliokaa nyuma yao.