Kisigino cha Jirani Yangu

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri. Mimi sikuapa.

Jirani yangu hapa Mabira alikatika mshipa wa kisigino akifukuza ng'ombe. Ulipounga, dresa wa zahanati alimwambia mbele yangu: "Sasa mzee, shika mwimo wa mlango, simama kwa vidole, ushuke taratibu. Kila siku, mguu upate nguvu."

"Mwanangu, mguu huu ni maiti," akajibu, akiupapasa kama kichanga. Mwanamume mzima, anaogopa mlango!

Mkewe, mimba imemfika kooni, akalima, akachanja kuni, akachota maji. Akiomba msaada, bwana anaguna: "Kisigino, mama, kisigino!"

Juzi tunatoka kisimani, mkewe na mtungi kichwani, tukasikia wanaume wakikamua rubisi. Ndani ya mtumbwi wa kukamulia pombe, juu ya ndizi mbivu na nyasi, nani anadunda kwa vidole na kuongoza wimbo? Maiti wetu! Kumbe mguu ule hukataa jembe tu, pombe haukatai.

Alipotuona, wimbo ukamkwama. Akainama haraka, akashika kisigino, akaugulia.

"Siyo huo, baba watoto," mkewe akasema, wote wakisikia. "Mgonjwa ni wa kushoto."