Siku Mbili za Kukwama Amani

Shangazi yangu alikuwa karani wa mahakama kwa zaidi ya miaka ishirini kabla hajastaafu. Aliandika kesi za mauaji nyingi kiasi kwamba mtu angedhani amezichoka. Hakuzichoka, alizidharau. Alisema mauaji ya kweli hayana akili: mtu kalewa, kashika panga, kesho yake analia kizimbani. Alichopenda ni mauaji ya vitabuni, tena si ya vitabu vyote. Alitaka watu wasiozidi kumi, wamekwama mahali pamoja, hakuna wa kutoka wala wa kuingia, kisha mmoja anakutwa amekufa na waliobaki wanaendelea kunywa chai huku wakitazamana. Sisi wawili tuliziita hadithi za kukwama.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Ngamiani, mjini Tanga, na maradhi hayo aliniambukiza yeye nilipokuwa shuleni. Mpaka leo tunanunua vitabu vikuukuu kwa muuzaji mmoja anayetandika mkeka pembeni mwa barabara. Kitabu kinaanza kwangu, kisha kinakwenda kwake na alama za grisi.

Masika ya mwaka juzi daktari alimwambia apumzike kwa siku chache mahali penye ubaridi. Nikafunga kibanda, tukapanda Amani, kwenye milima ya Usambara, tukafikia nyumba ndogo ya wageni juu ya msitu. Njiani kote nilimpakatia bahasha ya vyeti vyake vya hospitali, maana alisema nikiiweka chini italowa.

Kitabu tulichokwenda nacho alikinunua yeye. Aliniambia safari hii tutasoma pamoja, kwa sauti, na nisikiguse.

Asubuhi ya pili mpishi wa nyumba ile, mama mmoja wa Kishambaa mwenye maneno machache, alituletea chai barazani akasema, "Mama, samahani. Barabara imekatika. Mti umeanguka na udongo umeshuka kule konani. Leo hakuna gari."

Shangazi akaweka kikombe chini taratibu. "Umeme je, mwanangu?"

"Umekatika tangu alfajiri."

"Na simu?"

"Mtandao mpaka upande kule kwenye mashamba ya chai, na mvua hii hupandi."

"Tuko wangapi humu ndani?"

"Na mimi, sita."

Shangazi akanitazama. Nilikuwa nimekwisha kuziba mdomo kwa kiganja, maana kicheko kilikuwa kinanipanda, na si adabu kucheka mtu anapokwambia barabara imekatika. Miaka thelathini tumesoma habari za watu waliokwama, hatukuwahi kukwama hata mara moja. Shangazi alijitanda kanga yake vizuri kama mtu anayejiandaa kuingia harusini, akasema, "Basi alhamdulillahi. Tuwajue wenzetu."

Wenzetu walikuwa watatu ukimtoa mpishi. Palikuwa na mzee wa Kipemba, mkulima wa karafuu, aliyekuja kutafuta miche ya mdalasini. Nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba kwa sauti ya chini, akarudi kuchungulia mvua. Wengine walikuwa bwana na bibi harusi kutoka mjini Tanga waliokuja kumalizia fungate. Bibi harusi alikuwa analia. Mama yake alimsubiri siku ile ile, na hakuwahi kumkosea miadi.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Mama atasamehe, barabara hukuikata wewe. Unapenda hadithi?"

"Za nini, bibi?"

"Za kuua watu."

Mumewe alicheka kwa woga. Bibi harusi alifuta macho, akaja.

Ndivyo tulivyoanza. Kitabu kilihusu watu tisa waliokwama katika nyumba ya meneja wa shamba la katani, mto umefurika, daraja limekwenda. Mwenye nyumba anakutwa amekufa chumbani mwake na mlango umefungwa kwa ndani. Shangazi alisoma kwa sauti yake ya mahakamani, ile ya kusoma mashtaka, bila haraka. Kila mhusika alipoingia, alisimama kidogo ili tumshuku. Mzee wa Kipemba, aliyejifanya hasikilizi, alisogeza kiti mara tatu mpaka magoti yake yakagusana na yangu. Mpishi alikuja kuondoa vikombe, akabaki amesimama na sinia mkononi hadi sura ya nne. Ilipofika adhuhuri tulikula makande yaliyoshika chini ya sufuria, na hakuna aliyelalamika.

Baada ya swala tuliendelea. Baada ya alasiri tuliendelea. Bwana harusi alimshuku mke wa marehemu, bibi harusi akamshuku bwana harusi kwa kumshuku mke wa marehemu, wakanuniana, wakapatana. Mimi nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa. Mvua ilipiga bati, ukungu ulifunika miti, na kila mtu barazani alitazama mwenzake kama ndiye.

Kesho yake asubuhi tukafika mahali penyewe. Mpelelezi amewakusanya wote sebuleni, amefunga mlango, amesema, "Muuaji yumo katika chumba hiki, na jina lake ni..." Shangazi akageuza ukurasa. Upande wa pili palikuwa na jalada.

"Zimeishia hapa," alisema.

Bibi harusi alisema taratibu kwamba atakufa. Mpishi aliweka sinia sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mimi nilipiga magoti nikatafuta chini ya viti vyote, nikatikisa mito, nikatazama hadi ndani ya birika.

Mzee wa Kipemba alinyoosha mkono, "Nipe mie hicho kitabu." Akapitisha kidole kwenye mshono, akakisogeza karibu na macho. "Hizi hazikuchanika. Zimekatwa kwa wembe. Mkato mpya huu, mweupe. Nani ana wembe?"

Sote tulikuwa nao. Yeye na bwana harusi walinyolea ndevu, bibi harusi alikatia kucha, mpishi alikuwa na visu vitano, na mimi sisafiri bila wembe wa kukatia viraka vya mipira. Akatuhoji mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayechagua karafuu zilizokauka na zisizokauka. Bwana harusi alijibu kwa kigugumizi mpaka mkewe akaanza kumtilia shaka kwa dhati. Zamu yangu ilipofika nilijitetea kwa maneno mengi, nami sijafanya lolote, na nilifurahi kushukiwa.

Alipomaliza akasema, "Huyu binti kasema atakufa. Huyu mama kaacha jiko lake. Huyu kijana kaingia uvunguni mwa viti na shati jeupe. Mie mwenyewe roho yanidunda. Katika sisi sote mmoja tu hakulalamika hata neno. Anakunywa chai."

Tukageuka. Shangazi alikuwa anakunywa chai.

"Nakiri kosa, mheshimiwa," alisema.

Ikabidi ajitetee. Alinyoosha kidole kwangu. "Huyu mtoto wa kaka yangu ana tabia moja mbaya. Akipata kitabu anasoma mwisho kwanza. Halafu hasemi, lakini uso wake unasema. Nikitaja mtu, kope zinampiga. Mwaka jana kaniharibia vitabu vitatu. Safari hii nilikata kurasa kabla hatujatoka nyumbani. Hata mimi sijazisoma, naapa."

Yote yalikuwa kweli. "Sasa ziko wapi?" niliuliza.

"Kwenye bahasha ya vyeti vyangu."

Nilikuwa nimezipakata mapajani kutoka Tanga hadi mlimani. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni kando ya sinia, na bibi harusi akacheka kwa kunitazama mimi, kisha wote.

Nilizileta mbio, lakini mzee wa Kipemba alikataa zisomwe kabla kila mtu hajamtaja muuaji wake. Bwana harusi alishikilia mke wa marehemu. Bibi harusi na mimi tulimtaja karani wa shamba. Mzee alimtaja dereva. Shangazi, kwa uzoefu wake wote wa mahakama, alimtaja mpwa wa marehemu, akanitazama alipomtaja.

"Na wewe, dada?" nikamuuliza mpishi.

Alijifuta mikono kwenye kanga. "Daktari."

"Daktari ndiye aliyepima maiti," bwana harusi alipinga.

"Alisema marehemu alikula wali usiku, akashiba, ndiyo akafa. Lakini sinia lilirudi jikoni na wali wote. Mpishi wao alilalamika, mmesahau? Mtu wa jikoni anajua nani kala na nani hakula. Daktari kadanganya saa ya kifo."

Shangazi akasoma. Muuaji alikuwa daktari, na alikamatwa kwa sinia lile lile la wali. Tulimpigia mpishi makofi. Alijaribu kukunja uso, ikamshinda, akakimbilia jikoni, na kutoka barazani tulimsikia akicheka peke yake.

Mchana watu wa vijijini walikata mti na kuchimba udongo, gari likaja. Bibi harusi aliuliza kama kuna kitabu kingine, mumewe akamkumbusha mama yake. Mpishi aliomba hiki abaki nacho, pamoja na zile kurasa, amsomee dada yake. Shangazi akampa, na ule wembe aliokatia kurasa juu yake.

Tulipofika konani, wachimbaji walisogea na majembe yao kutupisha. Mmoja wao aliinama dirishani akasema, "Poleni sana, wazee wetu. Siku mbili mmeteseka."

"Tumeteseka mno, mwanangu," Shangazi alimjibu kwa huzuni kubwa.

Mzee wa Kipemba ndiye aliyeanza kucheka, akafuata bwana harusi, na gari zima likacheka mpaka dereva akasimama. Wale watu wenye majembe walitazamana, wakatuombea safari njema.