Mzee wa Barafu

Aliyemuua baba yangu ni koplo wa mlango wa tatu, pale kota za polisi Naguru. Silitaji jina lake; waliokaa pale wanamjua. Mkubwa aliyetia saini simjui. Koplo namjua. Alitumia wimbo wa Krismasi.

Nasema wa Krismasi kwa mazoea tu. Mama alikuwa Mkristo, akifua nguo kwa Wazungu fulani kabla hawajaondoka, na watoto wao waliuimba kila Desemba. Mama akautia Kiswahili, akatufundisha mimi na dada zangu: mzee wa barafu amesimama uani, jua likitoka atayeyuka. Baba, konstebo, Mwislamu wa kaskazini, alisikiliza huku akipiga viatu rangi.

"Mama watoto, hii wimbo iko na Yesu ndani?"

"Hapana. Iko barafu tu."

"Basi waimbe."

Barafu tuliyoijua sisi ni ile ya friji ya baa moja Kansanga, vipande vya kutia kwenye glasi. Mzee mzima atatokaje humo, hatukuuliza.

Krismasi ile koplo alikuja mchana kula kuku wetu, akakaa kwenye kiti cha baba. Tukamwimbia. Mwenye sauti kubwa nilikuwa mimi.

"Mzee atafanya nini?" akauliza, akilamba vidole.

"Atayeyuka, afande!"

"Lini?"

"Jua likitoka!"

Akacheka mpaka machozi. "Rudia, binti yangu. Rudia porepore."

Nikarudia. Siku zile Mzee alikuwa mmoja tu nchi nzima, rais, picha yake imetundikwa kila ofisi. Baba alikuwa ameshaacha kutafuna.

"Afande, huyo ni wa barafu tu. Mambo ya Wazungu."

"Najua, ndugu yangu. Kula kuku."

Jumatatu baba akaitwa akaeleze wimbo. Alitoka asubuhi, sare imepigwa pasi, akijifundisha pale mlangoni: "Ni maji yameganda. Si mtu." Akamwambia mama amwekee chai. Hakurudi. Koplo ndiye aliyekuja kutuambia tuhame kota, na kile kiti akakibeba. Shule yangu ikaishia hapo, darasa la nne.

Leo koplo ni mzee wa kanisa huku Nakawa. Ananipa mkono kila Krismasi, nami naupokea.

Desemba maduka hupiga nyimbo zilezile za baridi na kengele, sisi tukitoka jasho. Juzi wimbo wetu ukalia dukani, kwa Kiingereza. Nikamuuliza binti wa kaunta, huyo wa barafu wanamwitaje?

"Mtu tu, mama. Mtu wa barafu."

Mtu tu. Hilo la mzee aliliongeza mama. Hakutaka watoto wake wamtaje mtu mzima bila heshima.