Bibi Alitembea Kituoni

Usiku ule, kama unaweza kuuita usiku mahali ambapo jua huchomoza na kuzama mara nyingi kwa siku moja, tulizima taa kama kawaida, tukaagana, kila mtu akaingia kwenye kijumba chake cha kulalia. Tulikuwa wawili tu kwenye kituo chetu cha angani, mimi na fundi mwenzangu, Mutua. Nilijifunga kwenye mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani, nikasinzia huku mikono yangu ikielea mbele ya uso.

Nikasikia mtu anatembea.

Kule juu hakuna anayetembea. Tunaelea, tunajisukuma kwa ncha za vidole, tunapita kimya kama samaki. Lakini hii ilikuwa miguu iliyokanyaga kwa uzito, na kandambili moja ikiburuzwa kidogo. Niliujua mwendo ule. Ulikuwa wa Bibi Zainabu, mama yake mama, aliyenilea Korogwe, akaugua, tukamzika nikiwa bado chuoni.

Nilifungua mlango. Feni za kituo, ambazo hazinyamazi kamwe, zilikuwa zimenyamaza zote. Bibi alikuwa amesimama katikati ya mitambo, khanga imetulia mwilini, pindo lake limeangukia chini kana kwamba huko kuna chini. Mimi nilikuwa naelea juu ya kichwa chake, natafuta namna ya kushuka.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Alipokuwa hai hakuwahi kuiacha shikamoo yangu bila jibu.

Akageuka, akaondoka, nami namfuata. Tunapita kwenye ule mlango wa duara, na ng'ambo yake ni chumbani kwake Korogwe: kitanda cha kamba, chandarua, joto la Januari linalolowesha mto. Dirishani, mahali pa ukuta wa jirani, dunia inapita taratibu, ya buluu, haina sauti. Wala sishangai. Bibi anakaa ukingoni mwa kitanda, anachukua pepeo lake la ukindu, anaanza kupepea kama alivyotupepea utotoni tukilala. Nangoja upepo unifikie usoni. Haunifikii. Nasogea, na ndipo naona kuna mtu ndani ya chandarua, kaelekea ukutani. Chandarua kinavutwa mdomoni mwake, kinaachiwa, kinavutwa tena, polepole.

"Bibi, huyo ni nani?"

Anaendelea kupepea. Mkono unazidi kumlemea kwa uchovu, lakini katika joto lote lile uso wake ni mkavu kabisa.

"Nimechoka," anasema. "Pokea."

Ananinyooshea pepeo. Nalishika, nalo ni baridi kama chuma.

Niliamka nimeshika kitasa cha mlango wangu. Feni yangu ilikuwa inavuma sikioni. Nilijisukuma hadi mlangoni kwa Mutua, nikaweka sikio. Kimya. Feni yake haikuwa inafanya kazi.

Kule angani pumzi unayoitoa haipandi wala haisambai. Pasipo feni ya kuisukuma, inakuzunguka usoni kama wingu, unaivuta tena na tena hadi ikulevye. Kengele ya hewa chafu iko nje ya vijumba vyetu, kwenye mitambo, na haikuwa imelia.

"Mutua!"

Nilivuta mlango. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia, jasho limemganda kwenye paji la uso, macho hayajafumbwa vizuri. Nilimfungua, nikamvuta hadi panapotokea hewa safi, nikampiga mashavu.

"Amka, kaka! Mutua, amka!"

"Kichwa," alisema hatimaye. "Kichwa kinapasuka."

Nilimvisha barakoa ya oksijeni, nikamshika mkono hadi pumzi yake ikatulia. Aliponiangalia vizuri aliuliza, "Umejuaje, Rehema?"

"Nimeota."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kuna mtu alikuwa ananipepea," alisema. "Nilifikiri ni wewe."

Ilipofika zamu yangu ya kuongea na nyumbani, nilimsimulia mama yote.

"Alionekanaje?"

"Vilevile, mama. Hakuwa na maradhi tena."

"Na mimi, hakuniulizia?"



"Alikuwa na haraka."

"Basi akija tena, mwanangu, mwambie nami nipo."

Nilimwahidi. Tangu siku hiyo kila ninapozima taa nalala na ujumbe huo mdomoni, lakini Bibi hajaja.