Kali Mbaya

Fundi Matano wa Tiwi alikuwa na jambo moja la kujivunia duniani: sikio lake. Tangu enzi za kutengeneza redio za kaseti hadi leo hii anapofunga seti za sinema katika sebule za watu wa Diani, hajawahi kumiliki kipimo. Mafundi vijana wa Ukunda hupima sauti kwa simu, mistari ikirukaruka kiooni. Yeye huketi kitini, hufumba macho, hugeuza hiki, husogeza kile, kisha husema, "Hapo." Na watu humwamini, maana anavyolitamka neno hilo utadhani ni kadhi anayetoa hukumu.

Jumatatu alimfungia Elijah, mpishi wa hoteli, mtu wa bara aliyeoa Majoreni. Spika tano na lile sanduku kubwa la besi. Jumanne asubuhi yuko mezani na kikombe chake, simu ikaleta ujumbe: "Mzee, hiyo sauti yako ni kali. Kali mbaya."

Chai ikamshinda. Sisi wa Pwani twajua kali ni nini: ni wembe, ni pilipili, ni mbwa wa kufungwa mnyororo. Na huyu hakutosheka na kali, akaongeza na mbaya. Matano aliusoma ujumbe mara nne, akaingia ndani, akatoka, akavaa viatu, akavivua, akavivaa tena.

Kilichomkosesha raha si Elijah. Ni kwamba alipoketi kuisikiliza seti ile hakusikia ukali wowote. Na tangu Ramadhani mkewe, Mwanatumu, amekuwa akimwambia kuwa simu yake hulia naye yupo kando yake kama gogo. "Nenda ukapimwe masikio, baba Swabir. Mficha maradhi kifo humuumbua." Yeye humjibu kuwa simu ni mbovu. Simu yenyewe haina hata miezi mitatu. Fundi wa sauti asiye na sikio ni sawa na mpishi asiye na ulimi, na hofu hiyo alikuwa akiilaza na kuiamsha kila siku, hakumwambia mtu.

Saa nne alikuwa mlangoni kwa Elijah. Warda, mke wa Elijah, ndiye aliyemfungulia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuutoa ule ukali."

"Alhamdulillahi," alisema Warda, na jinsi alivyolisema ikamzidishia Matano wasiwasi.

Alifanya yote ayajuayo. Sebule ilikuwa na vigae sakafuni na kioo ukuta mzima, na sauti nyembamba hudunda kwenye vitu kama hivyo, haina pa kulala. Akaomba busati, Warda akalitandika, kisha akatoka kwenda dukani. Akavuta mapazia. Spika za mbele zilikuwa zikitazamana na makochi uso kwa uso. Akazigeuza upande kidogo. Halafu akaijia mashine yenyewe, kwenye kitufe cha trebo, kile cha kupandisha na kushusha hizo sauti nyembamba. Akakizungusha kushoto, akasikiliza. Akakizungusha kulia mpaka mwisho, akasikiliza. Mara ya tatu jasho likamtoka, kwani hakuna kilichobadilika. Akajiambia kitufe kimekufa. Akakiacha chini, akikadiria kwa macho.

Elijah alirudi adhuhuri, akawasha taarifa ya habari, uso ukamshuka.

"Mzee, umeifanyia nini? Ni kama iko chini ya blanketi."

"Si uliniandikia ni kali? Kali mbaya?"

Elijah alicheka mpaka akaketi. "Nilikuwa nakusifu, mzee wangu. Kali ni poa. Kali mbaya ni poa kabisa."

Matano naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetolewa kisimani. Kumbe ni lugha tu. Sikio halina neno. Ni hawa watu wa bara na Kiswahili chao. Akaanza kukusanya bisibisi zake, mwepesi, huku Elijah akiizungusha trebo kulia.

Warda alitoka jikoni mbio, viganja masikioni.

"Hiyo hiyo. Kila msomaji akisema 'sasa' anichoma meno. Baba, irudishe chini, nakuomba."

"Lakini hapa ndipo imekuwa tamu," Elijah alisema. "Ukiishusha imekufa. Sikia."

Akaishusha, akaipandisha, akaishusha tena. Kila ikipanda Warda alikunja uso, kila ikishuka Elijah alikunja wake.

Matano hakuwa akizitazama spika. Alikuwa akiwatazama wao. Kitufe kilikuwa kizima. Mtu na mkewe waligombania kitu kilichojaa sebule nzima, na yeye aliyekileta hakikumfikia.

"Amua wewe, mzee," Elijah alimwambia. "Ipi ndiyo sawa?"

Angeweza kutaja upande wowote na wangemkubalia wote wawili. Aliziweka bisibisi chini.

"Warda mwanangu, njoo usimame hapa. Nitazungusha polepole. Ikiacha kukuchoma, sema. Nawe Elijah, ikianza kufa, sema."

"Na wewe je?" Elijah aliuliza.

"Mimi siisikii," alisema Matano. Akakishika kitufe, akawasubiri.