Joto la Kabati la Murusagamba

Frednand wa Mbuba alikuwa fundi wa mawasiliano katika shirika lililohudumia kambi ya wakimbizi, na hakuna kilichomkera kama kilima cha Murusagamba. Juu yake palikuwa na chumba kidogo chenye kabati la mitambo, na ndani ya kabati ruta iliyounganisha zahanati ya kambini na ofisi ya Ngara. Ikizimika, zahanati inabaki bubu, haiwezi hata kuita gari la wagonjwa.

Mlinzi wa chumba hicho alikuwa Eustakia, mama mkwe wake. Kazi alimtafutia Frednand mwenyewe, baada ya mkewe Rozina kumsema mpaka akachoka. Sasa mtu na mama mkwe wake hawaingii chumba kimoja wala hawatazamani usoni; ndivyo walivyolelewa. Basi Frednand akapanga mitambo ili kila kitu akione akiwa mezani kwake Ngara: joto la ruta, nguvu ya betri, mwendo wa feni. Kitu kikienda kombo, kompyuta inampigia kelele. Alijiona mjanja kweli.

Kelele zikaanza. Joto limepanda, limeshuka, limepanda tena. Alibadilisha kiwango cha kuonya mpaka akaichukia hata kompyuta. Mbali na yeye, aliyekuwa na nywila ya kuingia kwenye mitambo ile ni mtu mmoja tu: Nimpaye, fundi mkimbizi kutoka Burundi aliyemsaidia kule kambini. Frednand akaamua huyo ndiye anayechezea feni. Akamfutia ruhusa ya kuingia, akaweka nywila mpya, akamwambia mkuu wao Tomasi kwamba mharibifu amepatikana. Tomasi akasema Nimpaye aachishwe kazi Ijumaa.

Joto likapanda vilevile. Alhamisi mchana ruta ikajizima yenyewe isiungue. Frednand, amefura, akampakia Nimpaye kwenye gari akamwonyeshe alichoharibu. Wakapanda ile njia mbovu mpaka kilimani.

Eustakia alipoliona gari alijifunika kanga usoni, akageukia migomba. Frednand akageukia upande wa pili. Nimpaye akaingia chumbani peke yake, akatoka.

"Nyuma ya ruta kuna ndizi," alisema. "Zimefunikwa majani, zimeziba feni yote."

Frednand aliona kichwa kinataka kupasuka. Nywila alibadilisha, na ufunguo wa mlango siku zote ulikuwa kiunoni mwa mama mkwe.

"Mpe mama shikamoo yangu. Kisha muulize ndizi ni za nini."

Nimpaye akaenda, akarudi. "Anasema marahaba. Ni za pombe ya ubatizo wa mwanao. Kwa mvua hii, kwenye shimo la kuivishia zimegoma kuiva, na humu ndani kuna joto zuri linapotea bure."

"Mwambie asante sana. Azitoe."

"Anasema zimebakiza siku mbili tu."

"Mwambie zahanati haiwezi kuita gari."

Eustakia akaingia ndani mwenyewe, akaanza kuzitoa.  Baada ya muda feni ikavuma, na taa za ruta zikawaka.

Nimpaye alibaki amesimama katikati yao. "Maneno ya mama nimemaliza kuyapeleka," alisema. "Kesho ni Ijumaa, bwana Frednand. Ya kwangu atayapeleka nani?"

Hakuna mila iliyomkataza Frednand kumtazama Nimpaye usoni, lakini alishindwa kwa aibu.  Alinyoosha mkono ndani ya gari, akachukua redio ya upepo, akamwita Tomasi.

"Nimpaye hana kosa lolote," alisema. "Nilimsingizia. Mtu aliweka ndizi kwenye kabati."

"Mtu gani? Nataka jina, na huyo aondoke leo."

Eustakia alikuwa mlangoni, ndizi zimemjaa mikononi, mgongo amewapa.

"Ndizi ni zangu," Frednand alisema.