Kumfuata Mwalimu wa Falsafa London

Nilikwenda London kutafuta ruhusa. Kwa miaka minne, kila nikitoka kufundisha Kifaransa sekondari hapa Tanga, nilikaa nikitafsiri kwa Kiswahili riwaya ya Bi Mireille, Mfaransa anayefundisha falsafa huko. Barua zangu alizijibu mara moja tu: hawezi kuruhusu tafsiri ya lugha asiyoisoma. Nikaona heri tuonane uso kwa uso.

Jumatatu nilitua Heathrow na mswada mkononi. Binamu yangu Zuhura, Mzanzibari anayehudumia wazee majumbani, alinipokea kwake Harrow, mtaa wa London.

"Kaka Idi, safari yote hii kwa kitabu?"

"Kwa kitabu, dada."

Jumanne Bi Mireille alinikubalia niketi nyuma ya darasa lake. Ni binti wa mwoka mikate. Utotoni aliamka alfajiri na baba yake, na hadi leo huandika saa ile ile kabla ya kwenda kazini. Aliwauliza wanafunzi, "Baba akikusahau, bado wewe ni mwanawe?" Jibu hakuwapa. Riwaya yake ni hiyo hiyo: binti anamuuguza baba aliyepoteza kumbukumbu.

Kipindi kilipokwisha nilimpa mswada, naye akataka kujua nimefanyaje pale baba anapomsemesha bintiye kwa "vous", neno la heshima ambalo Mfaransa humwambia asiyemjua. Nikasema kweli: hapo nimeruka. Kiswahili hakina neno hilo.

"Basi umekiruka kitabu," alisema, akanirudishia mswada. "Alhamisi nitakusikiliza tena. Baada ya hapo, basi."

Jumatano nilishinda mezani kwa Zuhura nikiandika na kufuta. Alasiri akarudi kutoka kazini, akavua viatu, akaniuliza kinachonisumbua. Nilipomweleza, alivuta kiti.

"Mama alipoanza kunisahau," alisema, "asubuhi moja nilimpelekea uji. Akanitazama, akaniambia, 'Shikamoo.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje, kaka? Kisha nikaenda jikoni nikalia."

Nilimwomba niliandike hilo.

"Andika. Ila usimfanye mwendawazimu. Adabu zake alikuwa nazo mpaka mwisho."

Alhamisi nilimsomea Bi Mireille pale baba sasa anapomwambia bintiye "Shikamoo", nikamweleza kwamba kwetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa kwa neno hilo, mzazi hamwambii mwanawe.

"Na binti anajibu nini?"

"Marahaba. Kana kwamba yeye ndiye mkubwa."

Aligeukia dirishani.

"Kitabuni mimi sikumpa binti jibu," alisema. "Sikuwa na ujasiri."

Akavuta karatasi ya ruhusa, akatia sahihi.

Jumapili nilipanda ndege kurudi nyumbani. Kabla ya safari hii ningeapa kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Aliyepungukiwa ni mimi: miaka minne nilipekua makamusi, sikuwahi kumuuliza mtu aliyemuuguza mzazi wake.